Sufuria Haijakwanguliwa

Sakina mwanangu,

Salamu nitaziruka, maana ukirudi jioni hii kutoka kuaga Etterbeek utanikuta hapa hapa na utanisalimu kwa mdomo wako. Barua hii utaifungua kesho ukiwa angani, umefungwa mkanda, huna pa kunikimbilia. Habari za sweta, dawa ya kikohozi na simu za watu wa kuwatafuta hutazikuta humu. Hizo nimekwisha kukwambia mpaka baba yako akaongeza sauti ya redio. Naandika mengine, na tangu mwanzo nikwambie ukweli: nimechanganyikiwa. Sijui hata kama nataka uende au ubaki. Asubuhi nilitaka uende. Mchana, nilipokuona umebeba sahani, nikataka ubaki. Sasa jioni inaingia na ninayataka yote mawili kwa pamoja.

Nimekaa dirishani chumbani kwako. Chini, uani kwa jirani yetu Mturuki anayetuazima uwanja wake kila tukiwa na shughuli, kina mama waliopika kwa ajili ya dua ya kukuaga bado wamekaa kwenye viti vya plastiki kuizunguka sufuria. Nawasikia wananinung'unikia, na wana haki. Sababu nitakueleza nikifika huko. Baba yako yuko sebuleni anapima sanduku lako kwa mizani ya bafuni. Anatoa kiatu, anapima tena, anakirudisha kiatu.

Kwanza niseme hili la masomo yako, maana watu wameniuliza sana na sijawahi kuwajibu vizuri. Wakisikia unakwenda kusomea udaktari wanafurahi, wanauliza hospitali gani. Nikisema ni udaktari wa historia, ya Wamarekani wa mwanzo kabisa waliotoka Uingereza, furaha inapungua. Maman Zaituni, ambaye ndiye mkubwa wetu wa jiko tangu tulipofika Brussels, aliniuliza juzi tukichambua mchele.

"Donc mutoto anaenda Amerika kusoma habari ya bazungu ba zamani?"

"Ndiyo."

"Bazungu si banajaa hapa? Alors anabafuata kule juu ya nini?"

Nikacheka, nikasema tumalize mchele. Na mimi ndiye niliyekusikiliza miaka yote hii jikoni, wewe na kitabu, mimi na kisu na vitunguu. Mwanzoni nilidhani unanisimulia nchi moja. Ukasema hapana. Huku juu, Massachusetts, watu walikuja familia nzima, baba, mama, watoto na mchungaji wao, wakajenga nyumba zao kuizunguka nyumba ya sala, kila mtu akijua jirani yake kala nini. Kule chini, Virginia, walikuja zaidi vijana wanaume, wengi wamejifunga miaka kumtumikia aliyewalipia meli, wakatawanyika kando ya mito kulima tumbaku, na wengi wakafa hawajaoa. Katikati wakachanganyika Waholanzi na Wajerumani, hata watu wa huku kwetu Ubelgiji, wale wanaosema Kifaransa. Nilikushangaa ulivyosema "kwetu" bila kusita. Mimi mpaka leo nasita.

Nikakuuliza, "Lakini si bote ni Bangereza? Mufalme ni moja, luga ni moja."

Ukanijibu bila kuinua macho kitabuni, "Ça dépend, maman. Inategemea balikuja na nani."

Neno hilo lilinikaa kichwani, nikaanza kulipima kwa watu ninaowajua. Wa kwanza nikamfikiria mjomba wako Ramadhani. Ni kaka yangu, tumbo moja, tumekulia nyumba moja Buyenzi, kule Bujumbura, na ukituweka pamoja leo utadhani tumetoka nchi mbili. Yeye alitangulia kuja akiwa kijana, peke yake, akapanga chumba karibu na stesheni ya Gare du Nord na vijana wenzake. Hakuna mama, hakuna shangazi, hakuna maalimu. Walikula wamesimama, na mwenyewe anasema upo mwaka ambao Ramadhani ilipita akaiona kwenye kalenda ya duka tu, yeye mwenye jina lake. Sisi tulikuja baadaye, tukivutana, mmoja akimwita mwingine: mimi na baba yako, bibi yako mzaa baba, Mungu amrehemu, Maman Zaituni na dada zake, mpaka na maalimu akapatikana. Tukajaa mtaa huu wa Saint-Josse. Mtu akinunua nyama isiyo halali asubuhi, jioni ilikuwa imeshajulikana.

Nilipomsimulia Ramadhani hadithi yako ya kaskazini na kusini, alicheka sana.

"Mimi ni wa tumbaku, c'est vrai," akasema. "Lakini nyiye mulikuja na tribunal yenu ndani ya valise."

Nilikasirika siku hiyo, nikamnyima chai. Baadaye nikaona ana haki, tulikuja na mahakama yetu kweli, ndani ya sanduku. Halafu tena nikakumbuka alipolazwa hospitali mwaka ule, mapafu yamejaa maji. Wale vijana wenzake wa Gare du Nord hakuonekana hata mmoja, na mahakama hiyo hiyo ndiyo iliyompelekea uji kila siku, naye akaunywa wote. Sasa nani alikuja vizuri, yeye au sisi? Nimewaza mpaka nimechoka, na nimebaki pale pale.

Hata lugha ni hivyo hivyo. Leo umekwenda Etterbeek kumuaga Bi Neema, yule Mtanzania ambaye uliwafundisha wanawe hesabu. Kwake unakaribishwa kwa Kiswahili kilichopigwa pasi, na Kiingereza kikichungulia pembeni. Ukishuka barabara ya Chaussée de Wavre kununua sombe, kisamvu chetu, Wakongomani wanakuita maman kwa Kiswahili chenye Kilingala. Ukirudi kwetu unakuta chetu cha Buyenzi. Mimi ninayekuandikia hapa natumia Kiswahili cha shule ya Kigoma, tulikokuwa wakimbizi miaka michache nikiwa mtoto, na kwa mdomo hutanisikia nikikisema, kina mama watanicheka. Watu wa lugha moja, mji mmoja, tikiti moja ya basi, na tukikutana tunatazamana kama wageni wa harusi mbili waliokosea ukumbi. Ulipoanza kunisimulia Waingereza wako nilidhani unanieleza mambo ya mbali. Siku hizi sina hakika.

Sasa nije kwenye sufuria.

Unaijua tangu hujajua kusoma. Ile kubwa ya aluminiamu yenye masikio mawili, inayopika pilau ya harusi, ya maulidi na ya matanga. Tukishapakua na wageni wakishapelekewa, tunaiteremsha chini, tunaizunguka, na Maman Zaituni anachukua upawa wa chuma anakwangua ukoko, ule wali mkavu ulioshika chini na kunywa mafuta na viungo vyote. Ukoko haupelekwi ukumbini. Ni wa wapishi. Tunaula kwa mikono, taratibu, na hapo ndipo mambo ya watu wetu wa Brussels yanapoamuliwa: binti wa nani aposwe na nani, nani kagombana na mumewe na aende nani kumsemesha, mgeni gani kafika hana pa kulala. Wanaume wana chama chenye muhuri na mwenyekiti, na wanadhani wao ndio wanaoamua. Tunawaacha wadhani.

Na sharti lilikuwa moja. Anayekaa kwenye ukoko ni aliyezaliwa kule tulikotoka. Ninyi wasichana mliozaliwa hapa mlimenya vitunguu, mlisuuza mchele, mlibeba sahani. Kukaa, hapana. Hakuna aliyelitangaza sharti hilo, lakini kila mtu alilijua. Kichekesho ni kwamba sufuria yenyewe tuliinunua hapa hapa Saint-Josse, duka la pembeni. Ni mzaliwa wa hapa kama wewe, na tuliiweka katikati.

Ulikuwa na miaka kumi na sita ulipovuta kiti ukakaa kati yangu na Maman Zaituni. Ilikuwa harusi, ulikuwa umevaa kitenge changu cha njano, na tangu alfajiri ulikuwa umesimama jikoni. Maman Zaituni hakukukaripia. Alisema kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo.

"Wewe peleka masahani, mutoto. Huku ni kwa bakubwa."

Ukanitazama mimi. Mimi nikautazama ukoko. Ukainuka, ukabeba sahani, na toka siku hiyo hukuvuta kiti tena. Hili si jambo ninalolifichua leo, ulikuwepo na bila shaka unalikumbuka kuliko mimi. Nalitaja kwa sababu yaliyofuata ndiyo yanayonichanganya.

Ilikuwa baridi ya mwaka uliofuata, au mwaka wa pili wake, uliponisomea ile sheria. Nilikuwa nimetoka kazini, mikono bado inanuka sabuni ya wale wazee ninaowaogesha, hata koti sijavua. Ukaniambia nikae.

"Maman, Virginia mwanzoni kulikuwa Bafrika benye balipata uhuru yao. Balikuwa na shamba, na ngombe. Balienda mpaka tribunal kushitaki muzungu."

"Halafu?"

"Halafu bakaandika loi. Mutoto anafuata hali ya mama yake. Mama akiwa mutumwa, mutoto naye ni mutumwa."

"Na baba yake?"

"Mara nyingi baba alikuwa ni patron mwenyewe, mwenye batumwa. Donc ndiyo maana bakaiandika."

Ulidhani nimechoka. Mimi nilikuwa natazama mikono yangu. Nilijua watu wetu walipelekwa kule kwa minyororo, nani asiyejua. Nilichokuwa sijui ni kwamba palikuwa na wakati mlango ulikuwa wazi kidogo, halafu watu wakakaa kitako, na kalamu, wakaufunga taratibu, mpaka tumbo la mama likawa ndilo mlango wenyewe. Hasira ilinipanda kwa watu waliokwisha kufa zamani, na sikujua niipeleke wapi. Nikainuka nikapika ugali ambao hakuna aliyeuomba.

Lakini usiku ule wazo lingine likanijia, na linanirudia hadi leo. Mtoto anafuata hali ya mama yake. Hali yangu ni ipi, basi? Kazini mimi ni yule mweusi mpole. Kule Bujumbura, nilipokwenda kumzika mama, waliniita mgeni wa Ulaya na wakanipa kiti wakati wenyewe wamekaa mkekani. Nilikuwa nalia, na nimekalia kiti. Nikaogopa kwamba hali hiyo ya kuwa nusu huku na nusu kule ndiyo uliyoifuata kwangu, na kwamba kwenye ukoko nilikuongezea nusu nyingine kwa mkono wangu.

Halafu nacheka, maana kwetu mambo yamegeuka. Tangu ulipozaliwa hakuna anayeniita jina langu. Kazini tu, kwenye beji. Kwa watu wetu mimi ni Maman Sakina, basi. Mimi ndiye niliyekufuata wewe. Ukiondoka kesho sijui jina hilo linabaki Saint-Josse au linapanda ndege.

Siku ile ile uliponisomea sheria nilikuuliza swali lingine. Nilikuuliza, "Na benyewe? Benye inchi, benye balikuwa pale mbele?" Ukasema kila upande ulikuwa na njia yake ya kuwasukuma wenye nchi hao, huku kwa mapatano ya ardhi, kule kwa moto, na magonjwa kote, halafu wakaandika kama vile hakukuwa na mtu. Nimelikumbuka leo nilipomwona jirani yetu Mturuki akipanga viti vyetu uani kwake. Yeye tulimkuta. Miaka yote tunapika kwake, na hajawahi hata mara moja kuambiwa akae. Tunampelekea sahani mlangoni, tunamshukuru sana, na tunafunga mlango wake mwenyewe.

Miaka ikapita, magoti yakachoka. Mkono wa kulia wa Maman Zaituni hauinuki tena kupita bega. Wasichana wa rika lako wameolewa Anvers na Liège, na wakiwa na shughuli wanaagiza chakula kwa simu. Ndipo siku moja, tukila ukoko, swali likatoka: nani atapika baada yetu? Na ni mimi niliyetoa wazo, nikajiona nina akili sana. Nikasema wasichana waruhusiwe kushika upawa na kukoroga, ila kwenye mazungumzo wasiwe na neno kwanza, mpaka tuwaone. Wote wakakubali, Maman Zaituni akanipigia makofi kwa mkono mmoja kwenye paja. Nikaja mbio nyumbani kukuletea habari njema.

Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye vigae vya jikoni.

"Maman," ukasema, "nyiye muko bazee ba Massachusetts. Kabisa."

Ukanieleza. Wale wa kwanza walikuwa na sharti: ili uwe mtu kamili wa kanisa usimame mbele ya wote, usimulie namna Mungu alivyougusa moyo wako. Wao walikuwa na cha kusimulia, walivuka bahari kwa ajili yake. Watoto wao walizaliwa pale pale. Watoto wazuri, wanahudhuria, hawana makuu, lakini wakiambiwa wasimulie, wengi hawana. Wasimulie nini, na hawakuvuka kitu? Kisha watoto hao nao wakazaa, na swali likawa wajukuu wabatizwe au wasibatizwe. Baada ya kugombana sana wazee wakakata shauri: watoto waingie nusu. Wabatizishe wana wao, watii, wachungwe. Ila kwenye meza ya Bwana wasikae, na penye kuamua mambo ya kanisa wasiwe na kura.

Nilikuwa nimesimama na pochi bado begani.

"Na ikakuwa aje?"

"Bakagombana tena. Kanisa zingine zikapasuka. Batoto bakaenda kutafuta mashamba mbali, bengine bakafanya commerce, bakatajirika. Après, bengi hata hawakuomba tena kuingia."

Kisha ukafuta machozi ya kicheko, ukainuka, ukachukua kitabu chako. Mlangoni ukageuka.

"Et puis, mimi hata sipendi ukoko, maman. Inaniumiza meno."

Sentensi hiyo nimeigeuza huku na huku kuliko yote uliyonisomea. Siku nyingine nasema ni kweli, mtoto hapendi ukoko, mbona unajitesa. Siku nyingine namwona yule wa miaka kumi na sita mwenye kitenge cha njano. Kukuuliza nimeogopa. Mama mzima, naogopa kumuuliza mwanangu swali la wali.

Nataka nikueleze jambo moja, lakini usilichukue kama utetezi. Ulipokuwa na miaka tisa nilikuwa nakwenda nawe ofisi za komini, kwa daktari, shuleni, unitafsirie. Ulisimama mbele ya dirisha la ofisa, kidevu kinafika kwenye meza, ukamweleza maradhi yangu ya kike kwa Kifaransa safi, na mimi nyuma yako nimeshika mkoba. Tukitoka nje ulinisahihisha. On dit pas comme ça, maman, hawasemi hivyo. Hukuwa na ubaya, ulitaka nisichekwe. Na kila mmoja wa wale kina mama alikuwa na mtoto wake wa kumsahihisha. Pale kwenye ukoko palikuwa mahali pekee Brussels ambapo hakuna aliyetusahihisha. Tulikuwa watu wazima tena. Nadhani ndiyo maana tulipalinda vile. Tulikuwa tunawaogopa ninyi, watoto wetu wenyewe, kwa sababu mlituona tulivyokuwa wadogo.

Sijui kama wale wazee wako walikuwa hivyo. Labda walikuwa wakali tu. Lakini ukishakaa na karatasi zao huko maktaba, kabla ya kuwacheka, waulize kwa niaba yangu walikuwa wanaogopa nini. Walivuka bahari watoto wao wawe na maisha mengine, na watoto walipokuwa watu wengine wakashtuka. Mimi nimefanya hivyo hivyo na sikuwa mjinga wala mbaya. Nilitaka ujue kila kitu cha hapa na usibadilike hata kidogo.

Sasa nifike kwenye leo, na kwa nini kina mama wananinung'unikia.

Watu walikuja, maalimu akasoma dua, wanaume wakajaa sebuleni na ngazini. Nilikuwa napakua uani, nikainua macho nikakuona unashuka ngazi na sahani tupu hadi kidevuni, unapanda na zilizojaa. Shughuli ni yako. Dua ni yako. Anayeondoka ni wewe, na wewe ndiye unayebeba. Hakuna aliyekutuma. Mikono yako ilijua yenyewe kazi yake katika watu hawa. Nikafuta macho, nikasingizia moshi, na jiko ni la gesi.

Ulipomaliza ukanawa, ukabadilisha viatu, ukasema unakimbia Etterbeek mara moja kabla jua halijazama. Kina mama wakakaa. Maman Zaituni akashika upawa kwa mkono wa kushoto. Nikachukua kifuniko nikaifunika sufuria.

"Eh, Maman Sakina, munafanya nini?"

"Tunangoja."

"Tunangoja nani?"

"Mutoto."

Mmoja akasema ukoko utapoa. Nikasema upoe. Mwingine akasema watoto wa siku hizi hawapendi vitu vikavu. Nikasema hilo nalijua, aliniambia mwenyewe. Maman Zaituni alinitazama muda mrefu, upawa uko magotini, na nilidhani atasimama aende zake. Unamjua akikasirika.

"Anaenda Amerika kesho," akasema. "Juu ya nini leo?"

"Sijui."

Na ni kweli, sikujua kwa nini leo. Kukukaribisha ndani jioni ya mwisho kabla ya kuondoka kwako, ni akili gani hiyo? Hukuzoea kukaa nasi, hutapata nafasi ya kuzoea. Labda utaona tunakudhihaki. Labda utaona tunataka kukufunga mguu usiende, na sijui kama sivyo, siwezi kuapa. Au utakuja na tabasamu lako la kistaarabu, utakaa dakika mbili kwa ajili yangu, utainuka, na hilo ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Afadhali ukatae.

Maman Zaituni akaegemeza upawa kwenye mguu wa meza. Akavuta mtandio wake, akasema, "Bon. Tungoje." Nikapanda huku juu kukuandikia, maana kukaa pale na kungoja kulinishinda.

Kwa hiyo mwanangu, wewe unayesoma haya kesho unajua jambo ambalo mimi ninayeandika silijui. Unajua kama ulikaa au ulibeba sahani zilizobaki ukapanda ngazi. Ukikaa, sijui utasema nini. Ukisema, sijui kama tutakusikiliza vizuri, hatuna mazoezi. Na ukikataa, usilie ndegeni kwa ajili yangu. Nenda ukasome habari za wale waliozaliwa upande wa pili wa bahari wasiwe na cha kusimulia, na uone kama hawakuwa nacho kweli, au hakuna aliyewauliza.

Sikuombi urudi. Nimeifuta sentensi hiyo mara kadhaa na utaona karatasi imechakaa hapo. Sikuombi usirudi pia. Ninachokuomba sikijui jina lake.

Taa ya ngazini imewaka. Hiyo ni hatua yako, unaruka kila kidato cha pili tangu utoto. Kina mama wamenyamaza chini. Nafunga barua hii niichomeke katika kitabu utakachopanda nacho ndegeni, kabla baba yako hajakipima nacho.

Najua hupendi ukoko. Kiti kiko kati yangu na Maman Zaituni, na safari hii nimewaambia wasogee.

Mama yako